Mlango wa Namba Saba: Barua kwa Mdogo Wangu

Mdogo wangu,

Simu zangu hupokei tangu siku ile, na Mama nimechoka kumtuma. Naandika hapa kwa sababu najua utasoma. Wengine wenye ploti za vyumba vichache vya kupangisha wakisoma pia, sawa, wachukue linalowafaa.

Nianze na pesa, maana ndiyo uliyosema inakuuma. Mpangaji wa chumba namba saba alikuwa na deni la kodi ya miezi miwili, 5,000. Deposti yake ya 2,500 tulikuwa nayo, kwa hiyo pengo lenyewe lilikuwa 2,500. Ulipong'oa mlango wake akahama, na chumba kimekaa bure miezi mitatu: 7,500. Mlango ulinyeshewa ukiwa umeegemezwa kwenye tangi, plaiwudi ikabanduka, na mpya ni 4,500. Hiyo ni 12,000 imeteketea kwa kufukuzia 2,500. Namba tisa naye akahama mwezi uliofuata. Huyo sijamtia kwenye hesabu.

Halafu kuna sheria. Sura ya 296 ya sheria za Kenya, ile ya udhibiti wa kodi ya nyumba, inalinda nyumba za kuishi ambazo kodi yake ya kawaida haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Vyumba vyetu ni hivyo hasa. Humtoi mpangaji bila amri ya baraza la kodi, na kumsumbua kusudi ahame ni kosa la kushtakiwa. Hata kodi ikizidi hapo, bado ni notisi ya maandishi, na akikataa ni korti. Vitu vyake navyo huvibebi wewe. Kazi hiyo ni ya dalali mwenye leseni.

Ungefanyaje? Kodi ni tarehe 5. Tarehe 6 unampigia, usingoje tarehe 20 hasira zikiwa zimeshakupanda. Mwezi ukipita, keti naye muandike: deni ni ngapi, atapunguza kiasi gani, lini, sahihi zenu wawili, nakala moja yake na moja yako. Yule mama wa namba saba anauza sukuma na nyanya. Pesa yake huingia kidogo kidogo kila jioni. Shilingi 100 kwa siku, juu ya kodi ya kawaida, zingemaliza deni lote kwa siku 50. Mtu wa kipato cha siku ukimdai kwa mkupuo anaanza kurudi usiku na kukaa gizani ili usijue yuko. Akifika hapo umeshampoteza, yeye na pesa.

Lakini wewe ulichukua bisibisi. Bawaba tatu, skurubu nne kila moja. Ulikalia kile kigoda cha Mzee, ukazifungua moja moja bila haraka na kuzitia kwenye mkebe wa rangi, ukizihesabu kwa sauti mpaka 12. Mtoto wake alisimama hapo hapo na kikombe cha uji, akikutazama mikono kama watoto wanavyomtazama fundi. Saa kumi mvua ikashuka. Yule mama akafunga leso mlangoni, upepo ukaipeperusha, akaifunga tena. Ungekuwa umelewa au umepandwa na wazimu ningeelewa. Ule utulivu wako ndio unaninyima usingizi.

Najua utasema nilikuwepo na sikutamka neno. Ndiyo. Mama alikuwa ndani, presha yake unaijua, na wiki ilikuwa haijaisha tangu tumzike Mzee. Nilinyamaza kwa ajili yake. Sikukubaliana nawe.

Turudi kwenye ploti. Uache kupokea kodi kwa simu yako. Chukua paybill, ile namba ya biashara ya kupokelea malipo ya simu, mlipaji aandike namba ya chumba kwenye sehemu ya akaunti. Februari ulimfokea namba nne kwa kodi aliyokwisha kulipa, kwa kuwa pesa ilitumwa na shemeji yake na jina hukulitambua. Mpangaji mpya akiingia, zungukeni chumba pamoja: kitasa, funguo ngapi, vioo, soketi, balbu. Piga picha, aweke sahihi. Deposti si pesa ya kula. Ikae kando, atarudishiwa.

Maji ndiyo yanayotumaliza. Soma mita kubwa ya ploti na mita ndogo za vyumba zote siku moja, asubuhi moja. Jumla ya ndogo ikiwa uniti 38 na kubwa inasema 47, hizo 9 zinapotea baina yake, na usizigawanye kwa wapangaji kama ulivyofanya. Usiku bomba zote zikiwa zimefungwa, mulika mita kubwa kwa tochi: kile kigurudumu kidogo kikiendelea kuzunguka, kuna mvujo. Anza na vyoo. Tia rangi ya chakula ndani ya tangi la choo, ngoja dakika 15 bila kuvuta maji. Rangi ikitokea kwenye bakuli, mpira wa ndani umechoka. Ni kipuri cha bei ndogo, na huvujisha mchana na usiku bila kelele.

Paa sikufundishi. Kaptembwo nzima, hapa Nakuru, sijaona anayepanga mabati kama wewe. Wewe ndiye uliyenionyesha kwamba msumari hupigwa juu ya mgongo wa bati, kamwe si kwenye bonde maji yanakopita, na kwamba geji 28 ni nene kuliko 30 ingawa namba ni ndogo. Basi panda uangalie mipira ya misumari upande wa namba tatu kabla ya mvua za Aprili. Imekauka na kupasuka. Fundi mwingine atapaka lami juu na kuondoka, wewe utabadilisha.

Ushuru wa mapato ya kodi ya nyumba: vyumba 10 vikijaa ni 25,000 kwa mwezi, 300,000 kwa mwaka, na kiwango cha kuanza kulipa ni 288,000. Tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5 ya kodi yote, bila kutoa gharama. Hiyo ni 1,875, kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata.

Na hati ya usimamizi wa mirathi hatuna bado. Kwa Sheria ya Urithi, anayekusanya kodi ya marehemu bila hati hiyo anaingilia mali asiyopewa kuisimamia. Utasema hata mimi nimekusanya. Nimekusanya, na kila shilingi imo kwenye daftari la bluu. Dawa za Mama zisingengoja korti. Njoo ulisome, kisha tuweke sahihi za maombi pamoja, wewe, mimi na Mama.

Fundi analeta mlango Jumamosi. Fremu ni ile ile na bawaba ninazo. Njoo na ule mkebe.

Dada yako