Kengele ikilia, toka

Kibosho, Moshi

Mwanangu mpendwa,

Tangu uniambie kwamba huko Ujerumani mtapoza fuwele kwa heliamu, usingizi umenihama. Usidhani sijaelewa, mdogo wako amenisomea mpaka nikashika. Lita moja ya heliamu ya kimiminika ikichemka yote hutoa zaidi ya lita 700 za gesi. Gesi hiyo inafukuza hewa chumbani, na haina harufu. Mtu anaanguka kabla hajajua kilichompata. Basi kengele ya kuonya kuwa oksijeni imepungua ikilia, toka. Usirudi kuchukua daftari.

Kwa nini unaipenda hiyo fuwele ya manganisi na silikoni, hilo nimelielewa. Atomi zake zimepangwa kwa namna isiyolingana na taswira yake kwenye kioo, ndiyo maana visumaku vyake vinajisokota kama kamba ya katani, daima upande uleule, mzunguko mmoja kila nanomita 18 hivi, yaani sehemu 18 za bilioni za mita. Hayo hutokea ikipoa chini ya kelvini 29 hivi, yaani nyuzi 244 hivi chini ya sifuri. Juu ya hapo ni vurugu tu. Na mkiongeza sumaku ya nje kwa kiasi, chini kidogo tu ya hizo kelvini 29, vinageuka vimbunga vidogo vilivyojipanga kwa pembe sita. Skirmioni, sivyo? Vilionekana kwa miale ya nyutroni hukohuko Ujerumani, mjini Garching, habari zikatoka mwaka 2009. Najua huwezi kukataa nafasi kama hiyo.

Lakini mbona usichague ile ya chuma na gerimani? Hiyo inabadilika kwenye nyuzi 5 hivi juu ya sifuri. Friji yetu ingetosha! Mdogo wako amenicheka. Acheke. Friji haijamzimisha mtu pumzi.

Najivunia wewe, hasa mbele ya wale waliosema fizikia si ya msichana. Ila habari ya tiketi tumeisikia kwa shangazi yako. Baba yako hajasema neno, na unamjua akinyamaza. Mpigie yeye kwanza.

Na usiku usikae peke yako kwenye chumba cha heliamu, hata mwalimu wako akisema ni salama.

Ng'ombe amezaa, ndama jike. Nimekupatia koti zito pale soko la Memorial, kifungo kimoja kimelegea, nitakishona. Njoo Jumamosi ulichukue, na uje na ile sufuria kubwa uliyoondoka nayo. Kipaimara cha binamu yako kimekaribia na sina cha kupikia pilau.

Mama yako