Barua ya wazi kwa vijana wanaoanza rangi ya mafuta kwa kumnakili Medusa

Wanangu mnaokutana Mikocheni kuchora,

Nawasalimu nyote, pamoja na wazazi wenu. Nimesikia kwamba mmekubaliana kujifunza rangi ya mafuta kwa kunakili Medusa ya Caravaggio, mchoraji wa Italia, na kwamba baadhi yenu mnaona kunakili ni kazi ya mtu asiye na lake. Hao nawakumbusha kwamba Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora katika jiji hili mwaka 1968 na kufariki mwaka 1972, na mtindo wake haukuzikwa naye, kwa kuwa wanafunzi wake walikuwa wamekaa kando yake wakiuiga mkono wake. Ninalowaomba ni kunakili mpangilio wa kazi, yaani nini kilitangulia na nini kilifuata, kabla ya kuhangaikia sura.

Katika hadithi za Wagiriki, Medusa ni mwanamke mwenye nyoka badala ya nywele, ambaye kila aliyemtazama aligeuka jiwe, hadi shujaa Perseus alipomkata kichwa. (Mama mwenye nyumba akiuliza kwa nini mnamchorea jini sebuleni, mwelezeni hivyo kwa adabu, na jioni mgeuzieni picha ukutani.) Caravaggio alikichora kichwa hicho mnamo 1597 juu ya turubai iliyogandishwa kwenye ngao ya mbao iliyobinuka, ambayo sasa imo katika jumba la makumbusho la Uffizi, Florence, Italia. Picha ya simu haionyeshi mbinuko huo, na kila simu ina rangi zake. Kwa hiyo chapisheni nakala moja nzuri, wote muifuate hiyo.

Wengi wenu mmelelewa na rangi ya baiskeli juu ya hadibodi, kwa mtindo wa Tingatinga, na mkono uliozoea hivyo hutanguliza mstari kisha ukajaza. Hapa mstari utawaponza. Litazameni shavu la upande wa gizani: halina ukingo, linazama tu katika kivuli, ilhali kivuli cha kichwa kizima kimeangukia usuli wa kijani, ndiyo maana kichwa kinaonekana kinaning'inia hewani. Basi pakeni kwanza turubai yote rangi ya kahawia nyepesi, mkitafute kichwa kwa mwanga na giza peke yake, kwa kahawia iliyozimuliwa kwa tapentaini, na msiguse nyekundu ya damu wala magamba ya nyoka mpaka mtu aliyesimama mlangoni aweze kuutambua ule mdomo unaopiga kelele. Najua nyoka ndio wanaowavutia. Wawe wa mwisho.

Tabaka la chini liwe na mafuta machache, na kila linalofuata liongezwe mafuta ya mbegu za kitani kidogo, kwa sababu tabaka lenye mafuta mengi hukawia kukauka, na likikaa chini ya lililokwisha kukauka, la juu hupasuka. Rangi hii haikauki kama nguo kambani. Hukauka kwa kuvuta oksijeni, hivyo kuianika juani hakuondoi haja ya kusubiri. Bahati nzuri, kahawia ya udongo iitwayo amba hukauka upesi kwa sababu ya madini ya manganizi yaliyomo.

Kitambaa cha marekani kutoka Kariakoo kinafaa, ila kipakeni kwanza gundi nyeupe ya mbao, kwani mafuta yakigusa nyuzi tupu huziozesha. Matambara yenye mafuta ya kitani msiyarundike kamwe kwenye kona: hupata joto yenyewe na yanaweza kuwaka moto. Yatumbukizeni katika kopo la maji lenye mfuniko.

Kuhusu kuuza nakala, fuateni desturi ya jumba la makumbusho la Louvre, Paris, ambako anayenakili hulazimika kuikuza au kuipunguza picha kwa walau sehemu moja ya tano, wala haruhusiwi kuiga sahihi ya mchoraji. Ngao ya Caravaggio ina takriban sentimita 60 kwa 55, basi yenu iwe ndogo zaidi, na nyuma yake andikeni kwa wino usiofutika jina lenu, mwaka, na kwamba ni nakala.

Mzee wenu,
Msasani, Dar es Salaam