Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Kuwatembelea wagonjwa, semina ya waangalizi na mchango wa viti vya magurudumu mnavijua, sitavirudia. Tuko wanachama 46. Mapato yalikuwa shilingi 2,310,000, matumizi 2,185,000, salio liko benki.

Nije kwenye vitanda vya wagonjwa wetu wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na ugumu wa mwili, maana ndivyo vilivyowaleta wengi leo.

Kamati ilichukua shilingi 1,140,000 za safari ya Bagamoyo, ikamlipa fundi wa Keko apunguze miguu ya vitanda vya wagonjwa 14, na ikanunua magodoro membamba ya kutandika sakafuni, ili mgonjwa akianguka usiku asiumie. Nimesikia inasemwa eti mwenyekiti anakata vitanda vya watu. Vimekatwa, na wazo lilikuwa langu.

Mtu akiota, kwa kawaida ubongo huilegeza misuli, mwili ukatulia. Kwa wagonjwa wengi wa Parkinson, na wa ugonjwa wa Lewy unaodhoofisha kumbukumbu na fikra, sehemu ya shina la ubongo inayofanya kazi hiyo imeharibika. Akiota anakimbizwa, anarusha mateke, hata kuanguka kitandani. Akiota ugomvi, ngumi inamfikia aliyelala naye, hasa kuelekea alfajiri. Madaktari wa Marekani waliueleza ugonjwa huu wa kuigiza ndoto mwaka 1986, na unaweza kuutangulia ugonjwa wa Parkinson kwa miaka mingi. Si jini. Mama mmoja wa Mbagala alikuja kikaoni amejitanda kanga mpaka jichoni, anaona aibu kusema kwamba mumewe, mtu mpole kabisa, alimpiga huku akifukuza mbwa ndotoni.

Waliosema tungenunua dawa za usingizi wajue klonazepamu huwasaidia baadhi, lakini humwongezea mzee hatari ya kuanguka na kuchanganyikiwa. Hiyo ni kazi ya daktari, si ya kamati. Na waliosema kitanda kifupi humshinda mgonjwa kuinuka, wana hoja. Ndiyo maana fundi alimpima kila mmoja goti, nyayo zikanyage chini.

Uamuzi ulipita kikao cha Julai. Wanaolalamika zaidi siku hiyo hawakuwepo. Wanachama 29 hawajalipa ada tangu Machi, ila maandazi ya kikao hayajawahi kubaki.

Mwakani, Mungu akipenda, tutajaribu kumpata daktari wa mishipa ya fahamu atueleze pia kuhusu miguu inayokosa utulivu jioni, ambayo wakati mwingine husababishwa na upungufu wa madini ya chuma. Bagamoyo tutakwenda fedha zikiruhusu. Ada apewe mweka hazina, na mdai risiti.

Mwenyekiti