114 ni ya Zimamoto, sio ekstensheni ya stoo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji, kuna jambo linanikosesha usingizi na naamini liko kwenye maofisi mengi sana hapa nchini bila wenyewe kujua. Mimi ni fundi simu hapa Morogoro, nafunga simu za mezani za maofisini, zile ambazo unabonyeza namba tatu unampata mtu wa chumba cha pili, huu mwaka wa 14 nafanya kazi hii na ndo inayonilisha mimi na wanangu.

Mwaka jana kuna ofisi moja (sitaitaja) ilishika moto jioni, wafanyakazi wameshaondoka, kabaki mlinzi peke yake getini. Ni mzee wa makamo. Akaona moshi unatoka chini ya mlango wa stoo, kwa akili yake nzuri kabisa akakimbilia mapokezi ambapo kuna simu ya mezani na ukutani pale juu pamebandikwa karatasi ya namba za dharura, Polisi 112, Zimamoto 114. Akainua mkono wa simu akapiga 114. Ikaita. Akasubiri, inaita tu. Akakata akapiga tena, inaita tu, mpaka akasikia kwamba kuna simu inalia ndani ya jengo, inalia kule kule stoo, mlango umefungwa na moshi umejaa.

Ekstensheni ya stoo, yaani namba yake ya ndani, ilikuwa 114. Na aliyeipanga hiyo namba ni mimi.

Nilienda kesho yake kuangalia nyaya zilivyoungua, nikamsalimia shikamoo mzee, akaniitikia marahaba mwanangu, alafu akaniuliza swali moja tu, "mwanangu ile namba ya ukutani mbona ilikuwa inaniletea stoo?" Sikuwa na jibu. Nilisimama pale na begi langu la vifaa nikashindwa hata kumuangalia usoni. Mungu alisaidia, majirani walikuja na mchanga na mitungi, yakaungua makabati ya mafaili na meza mbili, hakuna mtu aliyeumia. Lakini mzee yule alipoteza dakika kama tano akisubiri Zimamoto wapokee simu ambayo haikuwahi hata kutoka nje ya geti, na dakika tano za moto kila mtu anajua ni nini.

Sasa nieleze inakuwaje ili mwenye ofisi asije akadhani hii ni bahati mbaya ya sehemu moja. PABX, yaani zile mashine za kuunganisha simu za ndani ya ofisi na laini za nje, hizi ndogo za analogi zilizojaa kwenye maofisi yetu zikitoka kwenye boksi mara nyingi zinajipangia namba zenyewe kuanzia 101. Chukua mfano Panasonic KX-TES824 ambayo fundi yeyote wa rika langu anaijua, inaanza na laini 3 za nje na simu 8 za ndani, ukiongeza kadi za kupanua mashine inafika laini 8 na simu 24. Ukiwa na simu 8 huna shida, unaishia 108. Ofisi ikikua, unachomeka kadi, simu zinakuwa 16, hapo ushapita 112 na 114 bila kushtuka. Pale kwangu stoo ilikuwa waya wa 14 kwenye boksi la kugawia nyaya, basi ikawa 114, na waya wa 12 ulienda kwa mhasibu, kwaiyo ukipiga 112 kutafuta polisi unampata mhasibu. Hakuna aliyekaa akafikiria. Mimi sikufikiria, na mteja alichotaka ni simu ziite, zikaita, tukasaini karatasi ya makabidhiano nikalipwa nikaondoka.

Alafu kuna hili la pili ambalo ni kubwa zaidi maana liko karibu kila ofisi, kubonyeza 9 kwanza ndo upate laini ya nje. Wafanyakazi wamezoea, hata hawalifikirii tena. Lakini mgeni hajui. Mama aliyekuja kufuata hati yake hajui, mlinzi wa kampuni ya ulinzi aliyeletwa jana kushika zamu ya mwenzake hajui, mtoto wa mfanyakazi aliyekuja ofisini siku ya likizo hajui. Na hata anayejua, mkono ukitetemeka anasahau. Karatasi ya ukutani imeandika 114, haijaandika 9 alafu 114.

Baada ya lile tukio nilianza kusoma usiku, nikakuta Marekani walishalilia jambo hili hili. Desemba 2013 mama mmoja, Kari Hunt, alishambuliwa na kuuawa kwenye chumba cha hoteli mji wa Marshall, Texas. Binti yake wa miaka 9 alikuwepo humo, akafanya kile watoto wote wa kule wanachofundishwa, akapiga 911, namba yao ya dharura. Akapiga mara nne. Simu haikutoka kwa sababu sistimu ya hoteli ilitaka ubonyeze 9 kwanza, na mtoto hakuambiwa na mtu. Babu yake akahangaika kwa miaka mpaka sheria ikapitishwa, ikasainiwa Februari 2018, ikaanza kutumika tarehe 16 Februari 2020, inaitwa Kari's Law kwa jina la huyo mama. Inasema sistimu yoyote ya simu ya namna hii inayouzwa au kufungwa kuanzia siku hiyo lazima ipige 911 moja kwa moja bila kubonyeza chochote mbele, na pale inapowezekana itoe taarifa mapokezi kwamba kuna simu ya dharura imepigwa kutoka chumba fulani, ili anayekuja kuokoa asianze kuzunguka korido. Nilisoma hiyo habari nikalia jamani. Mtoto wa miaka 9 alifanya sawasawa, mlinzi wangu alifanya sawasawa, waliokosea ni sisi tuliokaa mbele ya sistimu tukaruka setingi.

Na sio setingi ngumu! Hili ndo linaniuma. Kwenye PABX ya analogi ni suala la kuhamisha namba za ndani zianzie 201 badala ya 101, kazi ya nusu saa ukiwa mvivu, alafu unaingiza 112 na 114 kwenye orodha ya namba za dharura, sistimu nyingi zina sehemu hiyo na fundi wengi hatujawahi kuifungua. Kwenye hizi za IP, yaani zinazopitisha simu kwenye mtandao wa kompyuta, zile zinazoendeshwa na programu za Asterisk na FreePBX, ni rahisi zaidi, unatengeneza njia ya kutokea nje ya 112 na 114 peke yake bila 9, unaiweka juu kabisa ya njia nyingine, na pale pale kuna kiboksi cha kuweka tiki kwamba hii ni njia ya dharura. Ukimaliza hiyo, iache 9114 nayo ipite, maana yule aliyezoea kubonyeza 9 naye ataibonyeza, usimuadhibu kwa kuzoea.

Kuna mabosi wanatuambia funga simu zote zisipige nje, bili inakuwa kubwa, acha ya mkurugenzi na ya sekretari tu. Nawaelewa, nimeona bili za kutisha, nimeona hata sistimu iliyoachwa na paswedi ya kiwandani ikaingiliwa wikiendi na watu wakapiga simu za nje ya nchi mpaka Jumatatu. Zifunge basi. Lakini kufungia simu isipige nje sio lazima iwe kufungia na 114, hizo namba mbili zinaweza kupita hata kwenye simu iliyofungiwa kila kitu, na kama fundi wako anakwambia haiwezekani basi tafuta mwingine.

Kuna watakaosema siku hizi kila mtu ana simu ya mkononi. Kweli, na 112 inapigika hata salio likiwa sifuri. Ila nendeni mkaangalie walinzi usiku, simu imeisha chaji ipo kwenye soketi chumba kingine, au jengo lenyewe zege tupu ukishuka chini network hamna. Simu ya mezani imechomekwa pale ukutani miaka kumi, mtu anaiendea kwa sababu ameiona hapo kila siku.

Suala la umeme nalo niligusie. Zamani ile simu ya mezani ya laini moja ilikuwa inapata umeme wake kutoka eksichenji, volti 48 zinakuja na waya wenyewe, mtaa mzima giza lakini simu inaongea. Wazee wanakumbuka. Saivi simu za IP zinakula umeme kupitia waya wa mtandao kutoka kwenye swichi (kifaa kinachogawa mtandao), swichi ikizima na simu zote jengo zima zinakuwa mapambo, na moto wa hitilafu ya umeme kitu cha kwanza unachokata ni umeme. Nimeingia ofisi zina UPS (betri ya akiba) ya kompyuta ya bosi lakini swichi na ruta kwenye raki zimechomekwa ukutani hivihivi. UPS iwekwe kwenye raki kwanza. Na wenye PABX za analogi, nyingi zina mlango mmoja (tundu la kuchomeka simu) ambao umeme ukikatika unaunganishwa moja kwa moja na laini ya nje, simu hiyo inaendelea kufanya kazi hata sistimu ikiwa imekufa. Mara nyingi fundi tunampa bosi huo mlango kwa heshima. Bosi saa 2 usiku yuko kwake. Apewe mlinzi.

Na hizi taasisi zenye matawi mikoani zinazofunga sistimu moja kubwa makao makuu Dar na matawi yote yananing'inia humo kwa intaneti, ni kitu kizuri, inapunguza gharama, tawi la Songea linaongea na la Bukoba bure. Lakini mjiulize, mtu wa tawi la Songea akipiga 114 hiyo simu inatokea wapi? Kama hamkuweka laini ya pale pale Songea basi inatokea Dar, na namba itakayoonekana ni ya 022. Mtu anaungua Songea anaonekana yuko Dar es Salaam. Laini moja tu ya nje kwa kila tawi, hata ya gateway, kile kifaa kinachowekwa kadi ya simu ya mkononi, kwa ajili ya namba hizo, haiwezi kumshinda mwenye uwezo wa kununua sistimu ya matawi yote.

Kwaiyo Mhariri ombi langu liende sehemu mbili. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ndio wanatoa leseni za kufunga na kutengeneza vifaa vya mawasiliano, naomba waliweke kwenye masharti, kwamba hakuna sistimu ya ofisi, hoteli, shule wala hospitali inayokabidhiwa kabla 112 na 114 hazijahakikiwa kwamba zinatoka kwenye kila simu bila kubonyeza kitu mbele. Na ndugu zetu wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, mnapokuja kukagua majengo mnaangalia mitungi, mnaangalia milango ya kutokea, tunashukuru, basi ombeni pia kuoneshwa ile simu ya mapokezi, muulize ukipiga 114 hapa inaenda wapi. Swali hilo moja likiulizwa kila ukaguzi, mafundi wote nchi nzima tutanyooka ndani ya mwaka.

Wenye ofisi msianze kupiga 114 hovyo kujaribu, mtaziba laini ya wanaoungua kweli. Muulizeni fundi wenu, akaangalie kwenye sistimu, na kama ni lazima kupiga basi Zimamoto waambiwe mapema kwamba saa fulani tutajaribu laini, akipokea unasema ni majaribio unashukuru unakata.

Mimi mwenyewe nimeanza. Nilifungua daftari langu la kazi nikaorodhesha ofisi zote nilizofunga ambazo namba zake zinaanzia mia moja, zilikuwa 17. Nimeshazirudia 11, sidai hela, nabadilisha namba, nafungua njia ya dharura, nabandika karatasi mpya ya namba za ndani ukutani, nakaa na mlinzi na mtu wa mapokezi nawaonesha kwa vidole. Zimebaki 6, mbili ziko Ifakara nitakwenda nikipata nauli. Ile ofisi ya mzee nilianza nayo kabla ya zote. Stoo yao saivi ni 214.

Fundi simu,
Morogoro