Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa: Mpimeni sukari

Ndugu Mganga Mkuu,

Salaam na heshima zako. Naandika nikiwa kwenye benchi nje ya wodi ya wanaume, usiku wa tatu huu.

Mdogo wangu ana skizofrenia, ugonjwa mkali wa akili, tangu 2014. Hatumfichi. Kila mwezi tunahudhuria kliniki ya akili, tunapewa olanzapini, dawa yake ya akili, tunarudi nyumbani. Amenenepa mpaka viatu havimwingii. Tangu Pasaka anamaliza dumu la lita 5 la maji kwa siku, usiku haishi kwenda chooni. Mama alipoona sisimizi wamejazana pale anapokojoa alisema, "Hii sukari." Mama ameishia darasa la saba.

Tukasema kliniki. Tukajibiwa kwamba wagonjwa hawa ndivyo walivyo, hunywa maji ovyo, ataongezewa dawa. Akaongezewa. Jumanne akaanguka. Mapokezi, walipoona kadi yake tu, wakataka tumrudishe kliniki ya akili. Nesi mmoja wa zamu, Mungu ambariki, ndiye aliyemtoboa kidole. Sukari 29!

Sasa nikukumbushe, kwa adabu tu. Tarehe 10 Oktoba mwaka jana, Siku ya Afya ya Akili Duniani, ulisimama chini ya turubai ukaahidi kila kliniki itapata mizani, mashine ya presha na vijiti vya kupimia sukari. Nilipiga makofi. Fulana mliyotugawia ndiyo nimemfunikia miguu hapa. Mizani ilikuja, sikatai. Haina betri, wanawekea mafaili.

Shirika la Afya Duniani linasema wenye maradhi makali ya akili hufa miaka 10 hadi 20 kabla ya wenzao, wengi kwa moyo, kisukari na vifua. Kwetu sijui tatizo ni bajeti, ni bohari, au kuna mtu anaamini mgonjwa wa akili hana kongosho, kile kiungo cha kudhibiti sukari mwilini. Kwamba olanzapini hunenepesha na kupandisha sukari imeandikwa kwenye karatasi ya ndani ya boksi. Sisi tunapewa vidonge kwenye bahasha. Karatasi hiyo nimeiona jana, kwenye simu ya mtu.

Dawa simwachishi. Alipoiacha 2019 tulimtafuta siku 9. Wala siombi jengo jipya.

Mtoboeni kidole akija kliniki. Vijiti kama ni ghali, tutanunua wenyewe. Ila mpimeni, Mganga Mkuu. Mpimeni.

Ni mimi, dada yake.