Korma nyeupe na mkate wa hamira, kwa somo yangu wa Tanga

Delhi, Januari

Somo yangu mpenzi,

Assalaam alaikum, na salamu nyingi kwa shemeji na watoto. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya mwisho nikiwa kitandani na machozi yananilengalenga. Nikaona jibu lake si la simu. Basi nimekaa, nimejitanda shali mbili kwa hii baridi, nakuandikia.

Ulisema tangu tumbo lako likatae nyama, wageni unawapikia nyama, kisha wewe unakaa pembeni na kibakuli chako cha kunde. Siku ya Idi wifi yako akakutazama akasema, "Maskini, leo nawe umekosa?" Neno hilo limeniuma kana kwamba nimeambiwa mimi. Halafu ukaongeza kuwa wakwe wanakuja mwezi ujao na utafanya vilevile, maana bila nyama hakuna sinia la heshima. Hapo ndipo tunapoachana, somo. Sinia hilo lipo. Nimelila mimi mwenyewe, katika nyumba ya Waislamu wa Delhi ambao nyama kwao ni jambo la kila siku, na niliwekewa kwa kusudi kwa sababu nilikuwa mgeni.

Nilikwambia kuwa nimepanga chumba Ballimaran, katika mji wa kale. Mwenye nyumba ni mama mjane, nami namwita Khala, kama tunavyosema sisi mama mdogo. Jumapili yangu ya kwanza alinigongea mlango, akanishika mkono mpaka jikoni kwake. Kwenye mkeka palikuwa na bakuli la korma, yaani mchuzi mzito, mweupe kama tui la kwanza, ndani yake vipande vya jibini, njegere na korosho. Kando yake rundo la mikate imefunikwa kitambaa, bado inatoa moshi. Nilimega, nikachovya, nikanyamaza. Khala akacheka, akasema chakula hiki ni cha wafalme.

Nilidhani anajisifia tu. Kumbe neno lina mizizi. Akbar, mfalme wa Wamughal aliyetawala India kuanzia 1556 hadi 1605, alikuwa hapendi sana nyama. Aliiacha siku za Ijumaa, kisha akaongeza Jumapili, kisha siku nyingine nyingi za mwaka. Abul Fazl, aliyeandika habari za utawala wake, aligawa vyakula vya jikoni kwa mfalme mafungu matatu, na fungu la kwanza kabisa ni la vyakula visivyo na nyama, vikiitwa sufiyana, vya kisufi. Sikiliza hapo, somo: la kwanza. Wapishi wa jumba lile hawakuwa wakimwonea mfalme huruma kwa kukosa nyama, walikuwa wakimpikia. Wifi yako akija, mwambie hivyo.

Na hivi ndivyo vinavyopikwa. Nimepika na Khala mara saba sasa, na mara mbili peke yangu.

Jibini kwanza, maana ndiyo nyepesi. Chemsha lita 2 za maziwa yasiyoondolewa malai, zima moto, mimina maji ya ndimu kidogo kidogo, kama vijiko 3 vya chakula, mpaka maziwa yakatike na maji yake yageuke rangi ya kijanikijani. Chuja kwa kitambaa safi cha pamba, suuza kwa maji baridi ili ukali wa ndimu uondoke, kamua, kisha laza chini ya kitu kizito, hata mchi na kinu, kwa saa moja na nusu. Yale maji usiyamwage. Yana kazi kwenye mkate.

Sasa vitunguu, na hapa ndipo nakuomba utulie. Vitunguu maji vikubwa 3, vikatwe vyembamba, vyote unene mmoja, maana chembamba kitaungua huku kinene hakijaiva. Vikaange kwenye samli kwa moto wa wastani ukivigeuza bila kuondoka. Vikianza kuwa rangi ya asali vitoe papo hapo, kwa sababu vitaendelea kuiva hata nje ya mafuta. Vitandaze kwenye karatasi. Wao huviita birista. Vikipoa vinakuwa vikavu kabisa, na unavisaga pamoja na robo lita ya mtindi. Kitunguu kilichoungua hata kidogo kitaleta uchungu, na korma haina nyanya wala pilipili ya kuuficha. Kwa kweli hiyo ndiyo tofauti na michuzi yetu. Pilipili na nyanya zote zililetwa na Wareno kutoka Amerika, na katika mapishi aliyoyaandika Abul Fazl hazimo, ukali ni wa pilipili manga na tangawizi. Kwa hiyo usitie nyanya, usitie manjano, hata mkono ukikuwasha.

Loweka korosho viganja viwili na lozi 20, menya lozi, saga laini kama losheni. Hapa nilimweleza Khala kuwa korosho ghafi nyingi za Mtwara na Lindi huletwa India kubanguliwa. Akasema basi miaka yote hii amekuwa akila jasho la kwetu bila kujua. Na siku tulipokwenda Khari Baoli, soko la viungo lililo karibu na msikiti wa Fatehpuri, muuzaji alifungua gunia la karafuu akatamka "Zanzibar" kama mtu anayetaja jina la ukoo wenye heshima. Nilisimama pale nikinusa mpaka Khala akanivuta.

Kwenye samli ileile iliyokaanga vitunguu, ipunguze ibaki vijiko 4, tia iliki 6, karafuu 5, kijiti cha mdalasini. Zikinukia, tia tangawizi na kitunguu thomu vilivyotwangwa, kijiko kimoja kimoja, kisha gilgilani ya unga kijiko kimoja. Halafu moto uteremshe kabisa kabla ya kutia ule mtindi wenye vitunguu. Mara ya kwanza mimi niliutia mtindi wa baridi kwenye sufuria inayochemka, ukakatika, ukawa mabonge ndani ya maji. Nilijificha chumbani kwa aibu. Khala alinifuata na sufuria nyingine mkononi, akanifundisha: mtindi uwe umetoka kwenye friji muda mrefu, upigwe na kijiko kidogo cha unga wa dengu, uingie kwa vijiko, na mkono usisimame mpaka rojo lianze kuchemka.

Baada ya hapo ni kukaanga. Wao wana neno lake, bhunna: unakoroga rojo, likishika chini unatia tone la maji, unakoroga tena, na tena, mpaka uone samli inajitenga na kutanda pembeni mwa sufuria. Inachukua dakika 20, pengine zaidi. Hiyo ndiyo korma, somo, hayo mengine ni mapambo. Sisi nasi mchuzi wa nyama tunaukaanga hivyo, lakini tukipika mboga tunaharakisha, tunaona mboga haistahili kazi hiyo. Ndiyo maana wageni hutuonea huruma. Wanaonja ile haraka yetu.

Mafuta yakijitenga tia korosho na lozi, maji ya moto vikombe viwili, na chumvi, acha lichemke taratibu. Njegere na karoti chemsha kando zisilainike mno, uzitie. Jibini ikate vipande vya kidole gumba, itie mwisho, dakika 5 tu, ikizidi inakuwa mpira. Kisha kungumanga ya kukwaruza kidogo sana, basibasi na iliki zilizosagwa, zafarani iliyolowekwa kwenye maziwa ya moto, na matone ya maji ya kewra. Hayo ya kewra utayajua kwa pua kabla hujaambiwa: yanatokana na maua ya mti wa jamaa ya mkadi, ule ule tunaotia kwenye vikuba. Nilipofungua chupa jikoni kwa Khala nilimwona bibi yangu siku ya harusi ya mamangu mdogo, kikuba kifuani. Tia matone 4, si zaidi.

Mkate nao una habari yake. Babur, babu yake Akbar, aliyeiteka Delhi mwaka 1526, aliandika kwa masikitiko kuwa huku hakuna tikiti zuri, hakuna barafu, na sokoni hakuna mkate wa maana. Angelala leo usiku mmoja tu Ballimaran! Alfajiri nasikia waoka mikate wakipiga madonge ukutani mwa tanuri. Wao wanasema tandur, sisi tanuri, na mkate wenyewe wanauita khamiri roti. Nilipolisikia neno hilo nilimwambia Khala, sisi kile kinachoumua unga tunakiita hamira. Akanifanya nilirudie mara tatu. Neno moja la Kiarabu limepita bandari mbili na kuingia majiko mawili.

Unga wa ngano nzima vikombe 3, mweupe kikombe 1, hamira nusu kijiko cha chai, sukari kijiko, chumvi, mtindi vijiko 3. Kanda kwa yale maji ya jibini yakiwa vuguvugu, mpaka donge liwe laini kuliko la chapati, karibu linate mkononi. Khala huhifadhi kipande cha donge la jana na kukichanganya na la leo, ndipo inapotoka ile ladha ya uchachu wa mbali. Mimi usiku wa juzi niliuacha unga mezani, baridi ya hapa ikaulaza, asubuhi ukawa vilevile kama jiwe. Khala aliufunga ndani ya godoro lake la kujifunikia, la pamba, akauweka karibu na jiko kama mtoto mchanga. Baada ya saa tatu ulikuwa umefura. Kwa joto la Tanga, saa moja na nusu yatosha, usiusahau ukachacha.

Gawa madonge 8, yapumzike dakika 20. Tandaza kwa vidole, si kwa mti wa chapati, usije ukaua hewa yote. Toboatoboa kwa ncha za vidole. Lowesha mgongo wa mkate kwa maji, ubandike kwenye chuma cha chapati kilichopata moto sana, upande wa maji chini. Ukiona mapovu yanainuka, pindua chuma chenyewe, mkate uangalie makaa ya seredani. Hautaanguka, maji yameushika. Utaona madoa meusi yanatokea na harufu inabadilika. Ubandue kwa kisu, upake samli. Ila usitumie lile kaango jipya lisiloshika, huko mkate utaangukia motoni. Na kama huliamini jicho lako, weka mkate kwenye sufuria kavu na upalie makaa juu ya mfuniko kama unavyofanya kwa mkate wa kumimina.

Pika mara moja kabla ya wakwe, kwa ajili yako na watoto tu. Siku ya wageni usiweke vyungu viwili, kimoja cha nyama na kimoja chako. Weka hiki kimoja, kaa katikati ya mkeka, mega wewe wa kwanza.

Kuna kijana wa kwetu anarudi wiki ijayo, nimempa zafarani kidogo na kichupa cha kewra, vimefungwa kwenye soksi nyekundu. Naye Khala ana ombi kwako. Nimemsimulia mkate wa mofa wa mama yako, wa mtama, na hanipi raha, anataka kipimo chake na anataka kujua mnaulaza unga usiku mzima au vipi. Muulize mama, kisha niandikie kwa mkono, si kwa sauti, maana Khala anataka kukibandika ukutani jikoni.

Wasalaam,
Somo yako