Kisu hakikututenga na wanyama, tutazame mgao

Mhariri,

Msomaji mwenzangu aliyeandika katika ukurasa huu juu ya asili ya binadamu aliuliza swali moja na kulijibu jingine. Aliuliza: kama mtu alitokana na tumbili, mbona tumbili wangali wanaiba ndizi hapa Kisumu? Kisha akatamka kwamba kilichomtenga mtu na mnyama ni chombo, kwamba siku aliposhika jiwe lenye makali ndiyo siku aliyokuwa mtu.

La tumbili nalimaliza haraka. Hakuna mtaalamu anayesema tumbili wa leo ni babu yetu. Binamu yako mna babu mmoja, lakini hakukuzaa. Fuvu ambalo Mary Leakey, mtafiti wa mabaki ya kale, alilipata mwaka 1948 katika Kisiwa cha Rusinga, Ziwa Victoria, ni la kiumbe aliyeishi miaka kama milioni 18 iliyopita. Hakuwa na mkia, wala hakuwa tumbili, wala sokwe wa leo, wala mtu. Ukoo wetu na wa sokwe uliachana baadaye sana. Mimi niko kanisani kila Jumapili na fuvu hilo halijawahi kunizuia mlangoni.

La chombo ndilo lililonifanya niandike, kwa sababu vyombo ndiyo kazi yangu. Nina bucha hapa Kisumu, na kabla ya hapo nilichinja kwa miaka mingi kwetu Bungoma.

Mfupa uliopitiwa na kisu haufanani na uliotafunwa na mbwa. Kisu huacha mstari mwembamba, mnyoofu, uliochimba kwa chini, tena huuacha penye kazi: karibu na kiungo, pale kano inaposhika mfupa, na kwenye ubavu ulikoparuliwa minofu. Jino la mbwa huacha mfereji mpana, na mbwa hupenda zaidi ncha za mfupa, zile laini zenye mafuta. Kijana wangu wa bucha alipokuwa anajifunza, sikuwa na haja ya kusimama nyuma yake. Jioni niliokota mfupa wa paja nikahesabu mistari: mitatu mahali ambapo mmoja ungetosha, basi kiungo kilimsumbua.

Sasa, ng'ambo ya Ghuba ya Winam, kwenye rasi ya Homa, kuna mahali panaitwa Nyayanga. Mwaka 2023 watafiti walitangaza waliyoyafukua pale: mawe yaliyochongwa makusudi, ya kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3, pamoja na mifupa ya viboko yenye alama za kukatwa. Viboko! Mimi nina visu vya chuma na jiwe zuri la kunolea, na sitaki hata kufikiria kuichuna ngozi ile. Mwaka 2025 ikaelezwa kwamba baadhi ya mawe hayo yalibebwa kutoka umbali wa hadi kilomita 13, maana mawe ya karibu yalikuwa laini, hayakufaa kwa makali. Hilo mchinjaji yeyote analielewa bila kufundishwa. Kisu kibovu kinachosha mkono na kinaharibu nyama.

Mwandishi wa barua ile angeweza kufurahia hapo na kusema, haya, huyo ndiye mtu wa kwanza. Asubiri kidogo. Pamoja na mawe hayo yalipatikana magego mawili makubwa ya Paranthropus, tawi la pembeni la ukoo wetu lililokwisha bila kuacha mjukuu. Huenda aliyemkata kiboko yule hakuwa babu yetu kabisa. Na kabla ya Nyayanga kujulikana, Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alikuwa ameshaona mwaka 1960 kule Gombe, Tanzania, sokwe akichomeka jani la nyasi kwenye kichuguu kuvua mchwa, na wenziwe wakipukuchua kijiti majani kwa kazi hiyo hiyo. Sokwe wa Afrika Magharibi huvunja njugu kwa mawe. Kwa hiyo chombo tumepokonywa. Tutafute kingine.

Mimi naona tutazame baada ya kisu, nyama inapogawanywa.

Sokwe nao huwinda. Wa Gombe hukamata mbega na huwa wanagawana, ila mgao wao ni wa ana kwa ana: aliyeshika nyama huzungukwa, huombwa kwa mkono, humpa rafiki au humpa anayemsumbua zaidi. Asiyekuwapo hana lake. Najua mtu ataniambia mbwa mwitu hurudi shimoni kuwatapikia nyama watoto na mlezi aliyebaki nao. Ni kweli, na nawaheshimu kwa hilo. Lakini mbwa mwitu hana mjomba anayeweza kumshtaki kwa wazee.

Sisi Wabukusu, mvulana akikaribia kutahiriwa huenda kwa mjomba wake, ndugu ya mama. Mjomba humchinjia ng'ombe, na ukanda wa nyama uitwao luliki huvikwa shingoni mwa kijana. Nyama ile si ya kumshibisha mtu. Agosti moja niliitwa kuchinja kwenye boma fulani, wazee wakasimamisha kazi nikiwa na kisu mkononi, damu inakauka, inzi wanajaa, kwa sababu kipande cha mtu mmoja kilikuwa kimekatwa kifupi. Mwenye kipande alikuwa Nairobi. Hakujua hata kama ng'ombe ameshaangushwa. Kikatafutwa kingine cha kufidia, kikafungwa kwenye jani la mgomba, kikawekwa. Nionyesheni sokwe anayefanya hivyo.

Na si kwenye sherehe peke yake. Bucha yangu ina daftari la mkopo. Mwalimu mmoja wa jirani huchukua nusu kilo kila Ijumaa na kulipa mshahara ukiingia, na ukichelewa tunanuniana wote wawili, mimi kwa pesa yangu, yeye kwa kuwa nimemkumbusha mbele za watu.

Katika rasi hiyo hiyo ya Homa kuna Kanjera Kusini, pa miaka kama milioni 2 iliyopita. Pale wataalamu waliihesabu mifupa wakakuta swala wadogo walifikishwa mizoga mizima, ila kwa wanyama wakubwa kidogo, vichwa vilizidi sehemu nyingine. Vichwa vilikuwa vimeletwa. Sasa kichwa ni mzigo mbaya: kizito, kinateleza, na ubongo hautoki mpaka fuvu livunjwe. Huenda simba walikuwa wamekula mapaja, kikabaki hicho tu. Hata hivyo, mwenye njaa aliye peke yake angekivunja pale pale kwa jiwe, ale, aende zake. Wengine watasema alikuwa anawakimbia fisi. Mimi nasema kulikuwa na watu nyumbani wanangoja, na mmoja wao hakukosa kulalamika kwamba ulimi hakupewa.

Muuza nyama,
Kisumu